Giza la Kulipia na Giza la Nyumbani

Katika baadhi ya miji mikubwa duniani ipo migahawa ambamo mteja hulipa fedha nyingi ili ale chakula asichokiona. Simu, saa zenye mwanga na viberiti huachwa mlangoni. Wageni hushikana mabega kwa mstari, na mhudumu asiyeona huwaongoza hadi mezani katika giza totoro, ambamo kufumba jicho na kulifumbua ni mamoja. Uliovuma zaidi kwa desturi hii ni mgahawa wa Blindekuh wa Zürich, Uswisi, uliofunguliwa mwaka 1999, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo mchungaji asiyeona, Jürg Spielmann. Jina lake ni la mchezo wa watoto ambapo mmoja hufungwa kitambaa machoni akawasaka wenzake. Mwaka 2004 ukafuata Dans le Noir? wa Paris. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma: Nairobi kulianzishwa mgahawa ulioitwa Gizani, nao pia ukihudumiwa na watu wasioona.

Kwa msomaji wa Mkalama, Manyoni au Ikungi habari hii huenda ikachekesha. Watu wengi wa mkoa huu wamekulia kula chakula cha usiku kwa mwanga wa koroboi, na mafuta ya taa yalipokwisha, kwa mwanga wa makaa yaliyosalia jikoni. Hakuna aliyelipa kiingilio. Tonge lilijua njia ya kinywani, na mtoto aliyepeleka mkono upande wa mwenzake alijulikana hata gizani. Hata hivyo, migahawa hii imebeba funzo ambalo naona linasomwa vibaya, na kusomwa vibaya huko kumeanza kuingia katika kazi yetu. Kila Oktoba, tunapoadhimisha Siku ya Kuona Duniani katika Alhamisi ya pili na Siku ya Fimbo Nyeupe tarehe 15, husikika pendekezo kwamba wageni na watumishi wafungwe vitambaa machoni, wapewe chakula, ili wayaonje maisha ya asiyeona. Nia ni njema. Mimi, kama daktari wa macho, nina mashaka makubwa na zoezi hilo, na ninaona lipo jambo lenye manufaa zaidi ambalo giza la chakula linaweza kutufundisha wodini, kliniki na nyumbani.

Nianze na kinachotokea mwilini, kwa kuwa hapo ndipo hekaya nyingi huzaliwa. Husemwa kwamba gizani ulimi hunoleka, na kwamba asiyeona amejaliwa ladha kali kuliko sisi. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: chumvi, utamu wa sukari, uchachu, uchungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa hadi puani, ndiyo maana mwenye mafua hulalamika kwamba chakula kimekuwa kama majani makavu. Jicho halionji chochote, lakini hutoa ushahidi wa kwanza, na ubongo hupenda kumwamini shahidi aliyetangulia kusema. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea mvinyo. Walitia rangi nyekundu isiyo na harufu katika mvinyo mweupe, na wanafunzi wale wakaueleza kwa maneno yale yale wanayoyatumia kuelezea mvinyo mwekundu. Pua zao zilikuwa nzima, jicho liliziwahi.

Gizani shahidi huyo huondolewa. Mlaji hupunguza mwendo, hunusa, hutafuna kwa makini, kisha husema ladha imeongezeka. Kilichoongezeka ni usikivu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu waliozaliwa bila kuona ulionesha kwamba wao walihitaji kiasi kikubwa zaidi cha ladha ili waitambue, si kidogo, kuliko wenzao wanaoona. Basi tusimwambie mgonjwa aliyepoteza uoni kwamba Mungu amemfidia kwa ulimi. Huenda yeye anakiona chakula hakina ladha, na akikisema hicho tunamshangaa.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa wauguzi. Watafiti wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwafunga macho watu wenye uzito uliozidi wakala mlo wa kawaida. Walikula pungufu kwa takribani robo, na bado walijisikia kushiba sawasawa na siku walipokula wakiona. Mwaka 2016 watafiti wa Konstanz, Ujerumani, walichapisha jaribio la aina hiyo kwa kutumia aiskrimu: waliofungwa macho walikula kidogo kuliko wenzao, lakini walijikadiria kuwa wamekula kingi mno. Hawa wote walikuwa watu wanaoona waliofungwa vitambaa kwa muda mfupi, kwa hiyo matokeo hayo hayamhusu mtu aliyeishi bila kuona kwa miaka ishirini. Yanamhusu yule aliyelala wodini na bandeji katika macho yote mawili baada ya ajali, na yule ambaye kisukari kimempofusha mwezi uliopita. Huyo akisema, "Nimeshiba, nesi, ondoa," asidhaniwe anadanganya, na wala neno lake lisichukuliwe kuwa kipimo. Tazama sahani. Kama ana vidonda vya kupona au anachoma insulini, uandike alichokula kwa kukitazama, kwa maana dozi iliyopangwa kwa sahani nzima si salama kwa aliyekula nusu sahani.

Sasa nirudi kwenye vitambaa vya Oktoba. Anayefungwa macho kwa saa moja huonja saa ya kwanza ya upofu, ile mbaya kuliko zote, ambamo mtu hajajifunza lolote. Humwaga maji, huchoma kidole kwenye chai, hutafuta kijiko kilicho mbele yake. Akifunguliwa hushukuru Mungu na kutoa pole. Ameondoka na picha ya mtu asiyeweza. Arielle Silverman, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, walichapisha mwaka 2015 majaribio juu ya jambo hilo hilo. Walioigiza upofu waliwahukumu watu wasioona kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kuishi kwa kujitegemea kuliko walivyowahukumu wale ambao hawakuigiza. Huruma ilikuwapo, heshima ilipungua. Ikiwa mwajiri, mwalimu au mkuu wa idara ndiye aliyefungwa kitambaa siku hiyo, madhara yake yanaweza kumfikia mtu anayeomba kazi wiki inayofuata.

Walioanzisha migahawa ya giza walilijua hilo, nami nawapa haki yao. Ndani ya Blindekuh anayejua njia ni mhudumu. Yeye ndiye anayemwambia mkurugenzi wa benki akae wapi na glasi yake iko wapi, na bila yeye mkurugenzi hafiki hata msalani. Zoezi letu la uwanjani linachukua kitambaa na kumwacha mhudumu. Limebeba giza, limesahau ujuzi.

Na ujuzi wenyewe upo, tena unaonekana. Mwaka 1996 uchunguzi wa picha za ubongo ulionesha kwamba kwa watu waliopoteza uoni mapema, sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo kwetu hushughulikia kuona, huamka wanaposoma nukta nundu kwa kidole. Ubongo hauliachi shamba hilo pori. Mazoezi hulilima upya. Katika nchi yetu tuna faida nyingine ambayo wenzetu wa Ulaya hawana: tunakula kwa mkono. Nusu ya aibu ya mgeni katika mgahawa wa giza hutokana na uma, chombo kisichokuwa na hisia, kinachochoma hewa na kurudi kinywani kitupu. Mkono unajua ugali una joto kiasi gani, umeiva au una unga, umebaki mwingi au umekwisha. Mtazame mtu asiyeona wa Singida akila ugali wa uwele kwa mlenda. Anakata tonge, analiviringa kiganjani, anabonyeza shimo kwa kidole gumba, analizamisha pembeni mwa bakuli na kulizungusha mara moja ili kuukata uzi wa mlenda, kisha linafika kinywani na kifua cha shati kimebaki safi. Wengi wetu wenye macho mazima hatufiki hapo.

Kama ni hivyo, kwa nini wagonjwa wetu wasioona hufika wamekonda? Swali hili limenisumbua kwa miaka mingi ya kliniki. Jibu langu ni kwamba giza la mgahawani huwaangukia wote waliomo, lakini giza la nyumbani humwangukia mmoja katikati ya watu wanaoona. Mgahawani hakuna anayekutazama ukichafuka. Nyumbani wote wanakutazama, nawe huwaoni.

Mama mmoja mwenye umri wa makamo aliletwa kwangu na ndugu zake baada ya kutibiwa minyoo mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja. Alikuwa na glakoma, yaani shinikizo la macho, iliyokwisha kuula mshipa wa jicho pande zote mbili. Nguo zilimpwaya. Muuguzi tuliyekuwa naye, binti wa Kinyaturu mwenye adabu, alipiga magoti kando yake na kumuuliza, "Shikamoo mama. Chakula hukipati, au hukitaki?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Nakitaka sana. Naona haya kukipapasa chote mbele ya mkwe." Zamani alikula sinia moja na wenzake. Alipoanza kupapasa kutafuta mboga, mtu mmoja akaguna. Kesho yake akaletewa sahani yake peke yake, chumbani, na familia ikaamini imemfanyia heshima. Huko chumbani hakuna aliyemwambia nyama iko upande gani, wala kama imo. Alikula ugali, akaacha kitoweo bila kujua, na aliyekuja kuondoa sahani akasema bibi siku hizi hapendi nyama. Ndivyo mtu anavyokonda ndani ya nyumba yenye kuku.

Sikumwandikia dawa ya hamu ya kula. Tulizungumza na mkwe.

Tuliyomweleza mkwe ndiyo ninayotaka kila wodi iyafanye, na hayahitaji fedha. Anayeleta chakula aseme amekuja, aseme ameleta nini, na aseme kimekaa wapi. Katika vitabu vya kigeni hufundishwa kuielezea sahani kama uso wa saa: nyama saa tatu, viazi saa sita. Njia hiyo ikihamishwa kwetu bila kufikiri huleta vurugu, kwa kuwa mshale unapoelekea juu kabisa, Mzungu anasoma kumi na mbili na sisi tunasema saa sita. Nesi aliyesoma kitabu na mgonjwa aliyezoea saa ya Kiswahili watatafuta nyama pande mbili tofauti. Tena wapo wazee wengi ambao hawajapata kuvaa saa. Mwili wa mgonjwa ni ramani bora zaidi: "Mzee, ugali uko karibu na tumbo lako. Mlenda uko mkono wa kulia. Maharage yako kushoto. Maji yako mbele ya mlenda, kikombe kina mkono, na mkono wake nimekugeuzia." Kisha uushike mkono wake kwa ruhusa yake na kuugusisha kwenye ukingo wa sahani na kwenye kikombe. Mpangilio huo usibadilike kesho wala zamu ikibadilika. Chai na uji wa moto vitajwe kabla havijawekwa. Samaki wa miiba atajwe kuwa ni wa miiba. Mgonjwa ataamua mwenyewe kama atamchambua au ataomba msaada.

Kumlisha mtu mzima mwenye mikono mizima kisa haoni ni kosa la kitaalamu, hata likifanywa kwa upendo. Huharakisha mlo, humwongezea hatari ya kupaliwa kwa sababu hajui kijiko kinakuja lini, na humwondolea mazoezi ambayo ubongo wake unayahitaji katika wiki hizo za mwanzo. Najua muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini hukiona kijiko kuwa njia fupi. Kumwelekeza mgonjwa huchukua dakika chache siku ya kwanza, na siku ya nne hakuna tena anayemlisha. Ndugu nao waelezwe hivyo, kwa kuwa katika hospitali zetu wao ndio wanaoleta chakula, na mgonjwa asiyeona ambaye ndugu yake amechelewa basi la kutoka kijijini anaweza kukaa na sahani juu ya kabati la pembeni saa nzima pasipo kujua kwamba ipo.

Wengi wa wagonjwa wetu hawapo katika giza totoro. Wana uono hafifu, na kwao rangi ya chombo ni tiba. Ugali mweupe wa mahindi katika sahani nyeupe haupo. Uweke katika sahani ya bluu au nyekundu, nao utatokea. Ugali wa uwele, ulio mweusimweusi, uwekwe katika sahani nyeupe. Maziwa yasiwekwe katika kikombe cheupe. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, waliwabadilishia vyombo wagonjwa waliodhoofika kwa ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, wakawapa sahani na vikombe vyenye rangi kali, nao wakala chakula zaidi kwa takribani robo. Sahani za plastiki za rangi zinauzwa katika soko lolote la mkoa huu. Aketi pia mgongo wake ukielekea dirishani, mwanga uangukie chakula na usimpige usoni.

Lipo giza jingine la chakula cha jioni ambalo halijulikani huko Zürich, nalo ndilo linalonitisha kuliko yote. Ni la mtoto. Mchana anacheza, anachunga mbuzi, anatambua watu. Jua likizama, familia inaketi kula. Bado kuna mwanga wa kutosha kwa wote, isipokuwa yeye. Anakaa alipowekwa. Mkono wake unapita pembeni mwa bakuli. Akiitwa anajikwaa kwenye kigoda. Wazazi humwita mvivu au mwoga, na wakubwa zake humcheka. Huo ni upofu wa usiku, dalili ya mapema ya upungufu wa vitamini A, na mahali pa kwanza panapoonekana mara nyingi ni kwenye chakula cha jioni, kabla ya mtu yeyote kumpima. Chembe za retina zinazofanya kazi katika mwanga hafifu hutengeneza rangi yake maalumu kutokana na vitamini hiyo. Akiba ya ini ikipungua, chembe hizo ndizo hulia kwanza. Asipotibiwa, hasa akiugua surua, kioo cha jicho hukauka, hulainika na hatimaye huweza kutoboka, na hapo hakuna daktari wa kurudisha kilichopotea. Akitibiwa mapema, huanza kuona jioni ndani ya siku chache. Ni tiba chache mno katika fani yangu zinazofanya kazi kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo mhudumu wa kliniki ya watoto aulize kwa lugha ya nyumbani: "Mama, jua likishazama, mtoto huyu anaokota chakula kama wenzake?" Jibu likiwa hapana, asipewe miadi ya mwezi ujao. Mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi hupewa yuniti 200,000 za vitamini A siku hiyo, nyingine siku ya pili, na ya tatu baada ya majuma mawili au zaidi. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000 kwa utaratibu huo huo. Mjamzito naye huweza kupata upofu wa usiku miezi ya mwisho, lakini dozi hizo kubwa haziruhusiwi kwake, kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Apelekwe kwa daktari apangiwe dozi ndogo. Matone yanayotolewa Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yasikoswe, na kadi iandikwe.

Kuhusu chakula chenyewe, Singida haina sababu ya kukata tamaa. Tuna mlenda, mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga, tuna maini ya kuku wetu mashuhuri. Uwele na mtama hushibisha vizuri, lakini vitamini hii si mali yao; mboga ndiyo yenye kazi hiyo. Shida huja kiangazi, mboga mbichi zinapokwisha tukabaki na mlenda mkavu wa kusaga. Jua kali huiharibu sehemu kubwa ya kiini cha vitamini A kilichomo katika majani. Yaanikwe kivulini penye upepo, na upepo ni kitu ambacho mkoa huu haujapata kukosa, kisha yahifadhiwe mbali na mwanga. Mafuta ya alizeti yatiwe kidogo katika mboga, kwa sababu utumbo huifyonza vitamini hii ikiwa pamoja na mafuta. Wasomaji wafahamu pia kwamba mafuta yanayokamuliwa katika mashine ndogo za mtaani kwa kawaida hayajaongezwa vitamini A. Husaidia kuifyonza iliyomo katika mboga, hayachukui nafasi ya mboga.

Kwa wazee swali ni lile lile, ila hofu yangu hugeuka upande wa pili. Mkono wao ni hodari mno kiasi kwamba huficha ugonjwa. Bibi anaendelea kusonga ugali, anamega tonge kwa ustadi, na nyumba nzima inaamini anaona. Kumbe tangu mwaka juzi mtoto wa jicho ameziba mboni zote mbili, naye amezoea kwa kugusa, kunusa na kusikia. Akijikwaa husemwa ni uzee. Mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu katika nchi yetu, na huondolewa kwa upasuaji mfupi, mara nyingi bila kulazwa siku nyingi. Glakoma na kovu la trakoma havina rehema hiyo. Huweza kuzuiwa visiendelee, lakini kilichokwenda hakirudi, ndiyo maana kuchelewa kunatugharimu. Chakula kina dalili zake kwa anayetazama. Mzee ameanza kuomba kula kabla jua halijazama. Ameacha samaki, anasema hamtaki, na zamani alimpenda. Anamtaka mjukuu yule yule aketi kando yake kila mlo. Anagusa ukingo wa sahani pande zote kabla ya kuanza. Chai yake hujaa hadi kumwagika, au anaingiza ncha ya kidole kikombeni anapoimimina. Ukiona mawili katika hayo, mlete kliniki, hata kama yeye mwenyewe anaapa kwamba anaona.

Ninayependekeza kwa maadhimisho ya Oktoba ni haya. Vitambaa vibaki dukani. Walioalikwa waketi macho wazi, na mbele yao aketi mtu mzima asiyeona, jiko na sufuria. Tunao watu hao: waliosoma Buigiri kule Dodoma, waliopitia Ikungi Mchanganyiko hapa mkoani, na wengine wengi ambao hawakupata shule lakini wamelea watoto na wajukuu. Awaoneshe anavyojua maji yamechemka kwa mlio wake, anavyopima chumvi kiganjani, anavyosikia ugali ukibadilika uzito katika mwiko, anavyopakua bila kumwaga. Wauguzi wamuulize maswali. Mgonjwa aliyepoteza uoni mwaka huu aketi karibu naye kuliko mgeni rasmi. Mwisho wote wale sinia moja, na asiyeona apapase apendavyo, mtu asigune. Na kwa kuwa huyo ndiye mwezeshaji wa siku, jina lake liandikwe katika orodha ya wawezeshaji, alipwe posho sawa na ya daktari, na asipewe zawadi ya sabuni na khanga mbele ya kamera kana kwamba alikuja kuomba.

Mgeni rasmi akishikilia kwamba naye afungwe kitambaa, afungwe. Ila mlenda wa siku hiyo apakue yeye.